Mdomo Uliokufa Ganzi na Jino Lisilokufa Ganzi: Uchambuzi wa Kisa cha Punda Mwenye Gego Lililopasuka

Kisa hiki kinamhusu punda jike wa umri wa miaka 14 hivi, mbeba maji na mazao katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Dodoma, ambaye gego lake la juu upande wa kulia lilihitaji kung'olewa. Aliletwa kwangu baada ya jaribio la kwanza, lililofanywa na mwenzangu mahali pengine, kusitishwa kwa sababu punda alirusha kichwa kila chuma kilipogusa jino, ingawa alikwisha kuchomwa sindano ya ganzi na mdomo wake wa juu ulikuwa umekufa ganzi kabisa. Swali la kisa chote limo katika hali hiyo: imekuwaje mdomo uwe na ganzi na jino lisiwe nayo? Jibu lake ni la kianatomia na halihitaji vifaa vya gharama kulifanyia kazi, lakini bado wanyama wengi wanang'olewa meno huku wakisikia kila kitu, kwa sababu tu aliyeshika koleo aliridhika na mdomo.

Mwenye punda, mama wa makamo aliyefika naye pamoja na punda wa pili ambaye hawaachani, alieleza kwamba tangu kipindi cha mavuno mnyama wake alikuwa akichelewa kumaliza mabua na akipungua mwili huku kazi ikiwa ileile. Alifungua kitambaa na kunionyesha mabonge ya majani yenye urefu wa kidole, yaliyotafunwa nusu na kutemwa, yenye harufu nzito ya uozo. "Daktari, anakula kama bibi asiye na meno," alisema, "kidogo anameza, kingi anakirudisha chini." Maelezo hayo pekee yalitosha kunielekeza mdomoni, maana punda anayetema mabonge ya namna hiyo karibu kila mara ana maumivu ya kutafuna.

Joto la mwili lilikuwa nyuzi 37.2 na mapigo ya moyo 44 kwa dakika, yote ya kawaida kwa punda mzima. Mbavu zilipapasika kwa urahisi mno. Hakukuwa na usaha puani wala uvimbe usoni, jambo nililoliandika kwa makusudi, kwa kuwa mizizi ya magego ya nyuma ya taya la juu imekaa chini ya vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya fuvu, na jino bovu likishapeleka usaha humo, dalili yake huwa ni pua ya upande mmoja inayotoa uchafu unaonuka. Huyu hakuwa amefika huko.

Baada ya kumtuliza kidogo, kumvalisha kifaa cha kutanua mdomo na kuosha mabaki ya chakula, niliona kwa taa ya kichwani na kioo kirefu cha meno kwamba gego la nne katika safu ya juu kulia, ambalo katika mfumo wa kuhesabu meno ya wanyama huandikwa 109, lilikuwa limepasuka kwa urefu kutoka mbele hadi nyuma. Ufa ulipita katikati ya vikombe viwili vya enameli vilivyomo ndani ya jino hilo. Magego ya juu ya punda na farasi yana vikombe hivyo, ambavyo hutakiwa kujazwa saruji ya jino kabla jino halijatokeza. Mara nyingi havijai vizuri, chakula huingia, saruji inaoza, kikombe cha mbele na cha nyuma vinakaribiana hadi vinaungana, kisha jino linapasuka kwa nguvu ya kutafuna ya kila siku. Gego la nne ndilo linaloongoza kwa tatizo hili, nalo ndilo gego la kudumu linalotangulia kuota, mnyama akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, kwa hiyo limetumika kuliko mengine yote. Kipande cha upande wa shavu kilicheza nilipokigusa. Ufizi ulikuwa umerudi nyuma na mabua yalikuwa yamejikita ndani ya ufa. Jino kama hilo halina tiba nyingine inayowezekana katika mazingira yetu isipokuwa kulitoa.

Hapakuwa na nafasi ya kungoja, na sababu yake haikuwa jino peke yake. Punda anayeacha kula, au anayekula kidogo kuliko mahitaji yake huku akiwa na maumivu na hofu, huanza kuyeyusha mafuta ya mwili kwa kasi ambayo ini lake haliwezi kuimudu. Mafuta hujaa katika damu, ini na figo vinaharibika, na mnyama aliyeletwa kwa ajili ya jino anaweza kufa kwa ugonjwa ambao haukuwapo alipofika. Kwa hiyo maumivu ya punda huyu yalikuwa sehemu ya hatari ya maisha yake, na kila jaribio jingine la kung'oa jino bila ganzi kamili lingezidisha hatari hiyo hata kama jino lingetoka.

Mwenzangu aliyemwona kwanza aliandika taarifa nzuri, na ninaieleza hapa kwa heshima kwa sababu ndiyo iliyofanya kisa hiki kifundishe. Alimpa zailazini, dawa ya kutuliza, miligramu 1.1 kwa kila kilo ya uzito katika mshipa wa shingo. Akapapasa tundu la mfupa lililo chini ya jicho, mahali neva inapotokea usoni, akaweka hapo mililita 5 za lignokaini, dawa ya ganzi, ya asilimia 2. Baada ya dakika 15 alibana mdomo wa juu na ukingo wa tundu la pua kwa koleo dogo, punda hakushtuka. Alipoweka kitenganishi, chuma cha kuyasukuma meno yaachane, kati ya gego la tatu na la nne na kukikaza, punda alirusha kichwa na kurudi nyuma. Akaongeza nusu ya kipimo cha kwanza cha zailazini, kichwa kikainama hadi karibu na magoti, mdomo wa chini ukalegea, na kitenganishi kilipokazwa tena, kichwa kikarushwa kama mwanzo. Hapo alisitisha kazi, akampa dawa ya maumivu na kumwelekeza mwenye punda kwetu. Wapo ambao wangeongeza kamba na watu wa kushikilia. Yeye hakufanya hivyo.

Ili kuelewa kilichotokea inabidi kuifuata neva yenyewe kutoka inakoanzia. Neva ya tano ya kichwa ina matawi makuu matatu, na la pili ndilo linalohudumia taya la juu. Tawi hilo hutoka kwenye fuvu nyuma ya jicho, hupita katika bonde dogo lililojaa mafuta na mishipa mikubwa ya damu, na likiwa bado katika bonde hilo hutoa neva za kaakaa na vitawi vya magego ya mwisho. Kisha huingia katika tundu la nyuma la taya na kusafiri ndani ya mfereji wa mfupa unaopita juu ya mizizi ya magego. Humo ndani hutoa vitawi vya magego ya katikati, halafu, kabla halijatokeza usoni, huachia kitawi chembamba kinachoendelea ndani ya mfupa hadi kwenye meno ya mbele. Kinachotokea kwenye tundu la chini ya jicho ni masalio ya neva hiyo, na kazi yake ni ngozi ya pua, mdomo wa juu na tundu la pua. Meno yote yamekwisha kupewa vitawi vyake kabla neva haijafika hapo.

Dawa iliyowekwa mlangoni mwa mfereji hulowesha masalio hayo. Ikisukumwa kidogo ndani na tundu likizibwa kwa kidole kwa muda, sehemu yake inaweza kurudi nyuma na kuyafikia meno ya mbele, pengine na gego la kwanza, lakini kutegemea irudi hadi gego la nne ni kubahatisha. Kwa maneno mengine, sindano ile ilichomwa vizuri na ilifanya kazi yake yote. Ilichomwa tu mbele ya mahali ambapo uchungu wa jino lile unaingilia.

Kipimo cha kubana mdomo ndicho kinachotupotosha, na hapa ningependa kukaa kidogo. Ukiweka dawa nyuma, katika bonde lile kabla neva haijaingia mfereji, kisha mdomo ukafa ganzi, una haki ya kuamini kwamba kila kitawi kilichotoka baada ya hapo nacho kimekufa ganzi, kwa kuwa ujumbe wa mdomo unapita palepale ulipoweka dawa. Ukiweka dawa mbele, mdomo unakufa ganzi vilevile, kwa dalili ileile na pengine upesi zaidi, ila hauna habari yoyote kuhusu jino. Dalili moja ina maana mbili kutegemea sindano ilipoishia. Tunafundishwa kuujaribu mdomo, tunaujaribu, unaitikia kama tulivyoambiwa, na tunakwenda kwenye jino tukiwa na uhakika usio na msingi. Naamini wakufunzi wetu wangeokoa wanyama wengi kama wangelitamka jambo hili waziwazi pale wanapoonyesha tundu la chini ya jicho kwa mara ya kwanza.

Jambo la pili lililomchanganya mwenzangu ni zailazini. Dawa hiyo hutuliza na pia hupunguza maumivu kwa kiasi, kwa hiyo si kweli kwamba haina msaada. Hata hivyo, uwezo wake wa kuzuia maumivu makali ya mfupa na jino ni mdogo na wa muda mfupi, na mnyama aliyeinamisha kichwa kwa zailazini anaweza kuamka kwa sekunde moja na kurusha kichwa kwa nguvu zake zote akiguswa penye maumivu. Kuongeza kipimo hakubadilishi ukweli huo, bali hushusha mapigo ya moyo, hufanya mnyama ayumbe, na husimamisha utumbo ambao kwa punda tunauhitaji uendelee kufanya kazi. Mnyama aliyetulizwa anayerusha kichwa anatoa taarifa, na taarifa hiyo inahusu ganzi.

Ni taarifa adimu pia, maana punda hafichui maumivu kwa wepesi. Farasi mwenye maumivu ya tumbo hujitupa chini na kubiringika, ilhali punda mwenye maumivu yaleyale anaweza kusimama kimya, masikio yakiwa yamelala upande, akitafuna kwa uvivu au akijifanya anakula. Wapagazi na wachota maji wanaoishi naye hulijua hili kuliko sisi. Kwa hiyo punda anapofikia hatua ya kurusha kichwa akiwa ametulizwa, maumivu yaliyomfikisha hapo si madogo. Wapo wanaosema punda ni mkaidi na kwamba ukaidi ndio unaomfanya agome kazi ya meno. Sijawahi kuona ukaidi unaotoweka mara tu neva inayohusika inapokufa ganzi.

Nilikuwa na njia mbili za kuifikia neva nyuma ya matawi yake. Ya kwanza ilikuwa kuingiza sindano ndani ya mfereji kupitia tundu lilelile la usoni na kuisukuma mbali. Sikuichagua. Mfereji ni mwembamba, neva imeujaza, sindano inaweza kuichubua au kuitoboa, na kuingia humo kunauma kiasi kwamba mnyama hupigana kabla ganzi haijaanza. Njia ya pili ni ya kupitia pembeni, chini ya upinde wa mfupa wa shavu, kulielekea bonde la nyuma ya taya. Hatari yake kubwa inafahamika: bonde lile lina mishipa mikubwa ya damu iliyo jirani na neva, na sindano ikiutoboa mmojawapo, damu hukusanyika nyuma ya jicho na kulisukuma nje. Wataalamu wa meno ya farasi wameipunguza hatari hiyo kwa kutokwenda hadi kwenye neva yenyewe. Sindano huishia ndani ya mafuta yaliyoizunguka, dawa inawekwa humo kwa wingi wa kutosha, na inasambaa yenyewe hadi kuifikia neva. Hiyo ndiyo niliyoichagua.

Uzito niliukadiria kwa kupima mzingo wa kifua na kimo, kwa kuwa mizani ya kumpimia punda hatuna, nikapata kilo 140. Lignokaini ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita. Nilijiwekea kikomo cha miligramu 4 kwa kila kilo, yaani miligramu 560 au mililita 28 kwa kazi nzima, ambacho ni kikomo cha tahadhari, na nilikiandika ubaoni mbele ya msaidizi wangu kabla ya kufungua chupa. Mpango ulikuwa kutumia mililita 10 kwenye neva na kubakiza nyingine kwa ajili ya ufizi na dharura. Kuandika hesabu kabla ya kuanza kuna faida inayoonekana saa ya pili, wakati mikono imechoka na kila mtu anataka kuongeza "kidogo tu".

Niliulizwa na msaidizi kwa nini nisitumie bupivakaini, ambayo ganzi yake hudumu saa 4 hadi 8, wakati lignokaini haizidi saa moja hadi mbili. Swali ni zuri. Bupivakaini huchelewa kuanza, na ikiingia kwenye mshipa wa damu kwa bahati mbaya huathiri moyo vibaya kuliko lignokaini, hali ambayo kuirekebisha kunahitaji dawa tusizokuwa nazo. Zaidi ya hayo, dawa iliyowekwa jirani na jicho inaweza kusambaa hadi kwenye neva zinazolihudumia, kope zikashindwa kufumba vizuri kwa muda na hata uoni kupungua hadi dawa iishe. Punda anayerudi kwa miguu katika upepo na vumbi la Dodoma hapaswi kuwa katika hali hiyo usiku kucha. Mepivakaini ingefaa sana, kwa kuwa hudumu kuliko lignokaini kidogo na haisumbui tishu, lakini haipatikani kwa urahisi.

Hatukumnyima chakula kabla ya kazi, na rafiki yake tulimsimamisha kando yake, pua kwa pua, kwa muda wote. Punda anayetenganishwa na mwenzake hupata hofu ya kiasi cha kukataa kula, na tayari nimekwisha kueleza kukataa kula kunampeleka wapi.

Baada ya zailazini ya miligramu 1.1 kwa kilo pamoja na butofanoli, dawa ya kupunguza maumivu, ya miligramu 0.02 kwa kilo, kichwa chake kilitegemezwa juu ya gunia lililojazwa pumba ili asiinamishe na pua zisivimbe. Nilinyoa eneo la chini ya upinde wa shavu, nikaliosha kwa klorheksidini na spiriti, nikapapasa mshipa wa damu unaopita sambamba na mfupa huo ili sindano iupishe kwa chini, kisha nikaweka tone la lignokaini ndani ya ngozi kwa sindano nyembamba kabisa. Sindano kuu ilikuwa ndefu, ya geji 20, ya aina inayotengenezwa kwa ajili ya uti wa mgongo. Niliiingiza kwenye mstari unaoshuka kutoka theluthi ya nyuma ya jicho, ikiwa imesimama wima dhidi ya ngozi. Msuli wa kutafuna una ukinzani ambao vidole vinausikia njia nzima, halafu, kwenye kina cha sentimita 3 na ushee, ukinzani ule ulipotea ghafla na sindano ikaenda laini. Hapo ndipo penye mafuta, na hapo ndipo pa kusimama. Anayeendelea hadi agonge mfupa anaifuata mishipa ya damu ilikojificha.

Nilivuta bomba kuona kama damu inaingia, haikuingia. Nikasukuma mililita 2, nikavuta tena, nikasukuma nyingine, mpaka zikatimia 10, polepole, nikitazama jicho muda wote kama linaanza kusogea mbele. Halikusogea. Dawa iliingia bila nguvu, jambo linaloashiria kwamba ncha haikuwa ndani ya msuli wala ndani ya neva.

Kisha tulingoja. Katika kazi yote hii, kungoja ndiko kunakorukwa mara nyingi, kwa kuwa zailazini inaisha huku tunatazamana. Tuliacha dakika 25 zipite. Tundu la pua la kulia halikushtuka lilipobanwa wakati la kushoto lilivutwa mara moja, na safari hii dalili hiyo ilikuwa na uzito kwa sababu dawa ilikuwa nyuma. Hata hivyo sikuishia hapo. Niligusa ufizi wa upande wa kaakaa kwa ncha ya sindano, punda akatulia. Niligusa ufizi wa upande wa shavu, akavuta kichwa. Ufizi wa upande huo hupokea pia vitawi kutoka njia nyingine, inayotokana na tawi la taya la chini, kwa hiyo ganzi ya taya la juu, hata ikiwa kamili, inaweza kuuacha. Mililita 3 zilizosambazwa kwenye ufizi wenyewe zilimaliza jambo hilo. Jaribio la mwisho lilikuwa jino: nilikaza kitenganishi palepale kilipokataliwa mara ya kwanza, msaidizi akiwa ameweka kifaa cha kusikilizia moyo kifuani. Mapigo yalikuwa 34, yakabaki 34, na masikio yalibaki yamelegea.

Kung'oa kwenyewe hakuna mengi ya kueleza. Vitenganishi viliwekwa mbele na nyuma ya jino na kuachwa vikiwa vimekazwa kwa dakika kadhaa kila upande, kipande cha shavu kikatolewa kwanza, na kile kikubwa cha upande wa kaakaa kikashikwa kwa koleo refu na kutikiswa kwa mwendo mdogo, wa subira, mpaka povu lenye damu likaanza kuchomoza ufizini na mlio wa majimaji kusikika, ishara kwamba nyuzi zinazolishika jino zimeachia. Anayeharakisha hapa huvunja mizizi. Zailazini iliongezwa kwa nusu kipimo ilipohitajika.

Saa moja na robo hivi tangu sindano ya neva, jino likiwa limelegea lakini halijatoka, mapigo yalipanda hadi 48 na punda akaanza kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja wa nyuma hadi mwingine. Hakurusha kichwa. Mtu angeweza kusema zailazini inaisha na kuongeza, na pengine jino lingetoka kabla hajalalamika zaidi. Lakini saa ilisema lignokaini inaelekea mwisho wake, tundu la pua lilipobanwa liliitikia kwa mbali, na ubao ulionyesha tumetumia mililita 13 kati ya 28. Nilirudia sindano ileile kwa mililita 5, tukapumzika, mapigo yakashuka, na kazi ikaendelea. Jumla ilikuwa mililita 18, sawa na miligramu 360, ambazo ni takriban miligramu 2.6 kwa kilo. Jino lilitoka likiwa na mizizi yake yote mitatu, miwili ya upande wa shavu na mmoja wa kaakaa.

Mtego wa sindano iliyo mbele ya jino si wa punda peke yake. Mbwa aliyevunja jino kubwa la juu kwa kutafuna mfupa, yaani la nne la safu yake, huwa na shida ileile: dawa ikiwekwa kwenye tundu la usoni, jino la chonge na meno ya mbele yanaweza kufa ganzi, na lile lililovunjika likabaki na uchungu wake, kwa hiyo inabidi dawa ifikishwe ndani ya mfereji au nyuma yake. Kwa paka na mbwa wenye nyuso bapa mfereji ni mfupi mno, milimita chache tu, na sindano inayosukumwa bila kipimo inaweza kulitoboa jicho. Taya la chini lina mtego wa jina lingine, kwa kuwa tundu la kidevuni hutoa ganzi ya mdomo na meno ya mbele, wakati magego yanahitaji dawa iwekwe ndani ya taya, nyuma kabisa, mahali neva inapoingilia. Huko nako kuna tahadhari yake: dawa ikisambaa hadi kwenye neva ya ulimi, mnyama anaweza kuutafuna ulimi wake mwenyewe akiamka.

Tulikagua tundu la jino kwa kidole na kwa kioo, hapakuwa na njia ya wazi kuelekea vyumba vya hewa, tukaliosha na kuliziba kwa kitambaa safi cha hospitali kilicholowekwa dawa ya kuua vijidudu ili chakula kisiingie. Alipewa kinga ya pepopunda, penisilini, na fluniksini, dawa ya maumivu na uvimbe, ya miligramu 1.1 kwa kilo. Kwa farasi kipimo hicho hutolewa mara moja kwa siku, lakini mwili wa punda huiondoa dawa hiyo upesi zaidi, kwa hiyo tuliipanga kila baada ya saa 12, na mama mwenye punda alielezwa sababu yake ili asidhani anaongezewa gharama. Jicho la kulia lilipakwa mafuta ya macho na kuchunguzwa mpaka kope zikafumba sawasawa.

Chakula alipewa baada ya mdomo kuanza kuhisi tena, maana mnyama mwenye mdomo wenye ganzi hujiuma bila kujua. Alipewa pumba zilizolowekwa kwa maji ya uvuguvugu, akala akiwa kando ya mwenzake, na asubuhi iliyofuata alikuwa akitafuna majani laini kwa pande zote mbili. Kitambaa kilibadilishwa mara kadhaa hadi tundu lilipoanza kujazwa na nyama mpya. Nilipomwona baadaye kijijini kwao mabonge ya majani hayakuwapo tena chini ya hori, na mgongo ulikuwa umeanza kujaza. Mama alitaka kujua lini anaweza kurudi kwenye madumu ya maji, nikamwomba angoje mpaka mwili urudi wote, akakubali.

Lililobaki ni gego la chini lililokuwa likikutana na lile lililotolewa. Meno ya punda huendelea kuchomoza milimita 2 hadi 3 kila mwaka, na jino lisilo na mwenzake wa kusagana naye hurefuka hadi kuingia katika pengo la juu na kuumiza ufizi. Gego hilo, la 409, litahitaji kupigwa tupa kila baada ya miezi sita kwa maisha yake yote, na miadi ya kwanza imekwisha kuandikwa kwenye kadi yake.